Mwaka Tuliomtafuta Tluway

Tulipomzika Shangazi Paulina kule Tumati, mvua ilinyesha tangu kaburi linachimbwa hadi linafukiwa, na vijana wakawa wanabishana kwa kunong'ona nani ashike ncha ya turubai. Mimi nilikaa jikoni na akina mama, nikimenya viazi ambavyo hakuna aliyeniomba nimenye, kwa sababu nilijua nikiacha mikono bila kazi nitalia kwa sauti. Binti mmoja wa ukoo wetu, anayesoma chuo Babati, akaniuliza kama ni kweli marehemu aliwahi kushuka kwa Wabarabaig kutafuta ndugu waliopotea. Nikamwambia ni kweli, na mimi nilikuwa naye. Akatabasamu kama mtu anayesimuliwa mambo ya wakati wa Wajerumani, akauliza, "Mliogopa, mama?" Nikasema ndiyo, tuliogopa. Halafu nikainamia viazi vyangu. Tangu siku hiyo jibu lile limenikera, maana ni kama kumwambia mtu kwamba mlimani kuna baridi. Hajui chochote mpaka apande.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao malori ya watu binafsi yalianza kupanda hadi kwetu kununua maharage. Zamani tulipeleka mazao kwa chama cha ushirika na kusubiri. Sasa lori lilisimama kanisani, likapiga honi, na kila mtu akatoka na gunia lake. Bado tulikuwa mkoa wa Arusha, jina la Manyara tulilijua kama ziwa tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikarudi nyumbani kulima na kukamua. Kijana aliyesimamia mizani ya lori moja alikuwa Mwiraqw mwenzetu kutoka Gitting, chini ya mlima Hanang, jina lake Daniel. Alikuwa mpole, anapima gunia la mjane kwa utaratibu ule ule anaopimia la mwenyekiti. Tulipendana. Washenga wake walipotumwa kwa baba yangu, mimi na yeye tulishajua jambo ambalo wengine hawakulijua: nilikuwa na mimba changa. Daniel aliniambia nisiwe na wasiwasi, posa itakwenda haraka, ndoa itafungwa kabla tumbo halijaonekana.

Vijana wa sasa hawawezi kuelewa nilikuwa nimebeba hofu gani. Kwetu, msichana aliyeshika mimba kabla ya ndoa hakuhesabiwa kuwa mkosefu tu. Alikuwa hatari. Wazee waliamini anaweza kuharibu mvua, kuua ndama, kuleta ugonjwa kwa kila mlango anaopita. Zamani msichana wa namna hiyo alitolewa nje ya nchi yetu kabisa, akajifungulie ugenini, kwa watu wa lugha nyingine. Wakati wangu kanisa lilikuwa limeshaingia kila kona na mambo yalikuwa yamelegea, lakini kulegea si kwisha. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu dada mmoja wa jirani akilazwa kwenye kibanda cha majani ng'ambo ya korongo, mama yake akimwachia chakula juu ya jiwe na kuondoka bila kugeuka. Kila nilipoingia zizini asubuhi niliwatazama ng'ombe wa baba mmoja mmoja, nikitafuta anayeyumba.

Siku wazee wa Gitting walipokuja, niliwekwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi. Niliwasikia wakila makande, nikasikia vijiko, nikasikia baba akicheka, nikajua mambo yanakwenda vizuri. Ndipo baba mdogo wake Daniel akasema kwa furaha, akidhani anatuunganisha, "Hata sisi asili yetu ni huku huku juu. Baba yetu alitoka Tumati hii na ng'ombe wake, akashuka wakati watu wanaogopa kushuka. Aliitwa Tluway."

Vijiko vilinyamaza. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kaka, na kaka huyo aliitwa Tluway, na alishuka na ng'ombe wake na mke na watoto kutafuta malisho, hakuonekana tena. Wengine walisema waliuawa kwa mikuki, wengine kwamba homa iliwamaliza, wengine kwamba walikuwa wakionekana mnadani Katesh wamevaa ngozi na hawajibu wakiitwa kwa Kiiraqw.

"Tluway wa ukoo gani?" baba akauliza.

"Hapo ndipo hatujui, mzee. Alikufa sisi tukiwa wadogo. Tulilelewa na wajomba zetu, tukachukua ukoo wa wajomba."

Tluway kwetu maana yake ni mvua, na watoto wanaozaliwa siku ya mvua na kupewa jina hilo ni wengi. Lakini wangapi walitoka Tumati, enzi zile zile, wakashuka upande ule ule? Kama ni mmoja, basi babu yangu na babu yake Daniel walizaliwa tumbo moja, na Daniel ni ndugu yangu. Kwetu hakuna ndoa hapo, wala hakuna neno la kuipa ndoa ya namna hiyo. Nilikaa kwenye kile kitanda cha kamba nikashika tumbo kwa mikono miwili, nikasikia baba akisema kwa sauti ya upole sana kwamba mazungumzo yasimame kwanza mpaka ijulikane. Walimaliza chakula chao kwa heshima. Wakaondoka jua likiwa bado juu.

Nani aende kujua? Baba alisema hawezi kuacha shamba. Leo najua hakuwa anahofia shamba. Baba zangu wadogo walitazama nje. Shangazi Paulina, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa mjane na mwanakwaya na mtu asiyependa kelele, alifunga kanga yake kiunoni akasema, "Tluway ni baba yangu mkubwa. Nitakwenda mimi. Na Martha atakwenda na mimi, kwa sababu jambo ni lake." Kama angejua ni langu kiasi gani, sijui kama angesema kwa utulivu vile.

Tulianzia Gitting kwa kina Daniel, maana walisema wana mzee mmoja mwenye kumbukumbu. Mama yake Daniel alitupokea vizuri. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba huku akinitazama usoni, kisha tumboni, kisha haraka kwenye sufuria. Jiko lake lilikuwa kubwa, limepakwa udongo mwekundu, mahindi yamening'inizwa juu ya moto na dirisha dogo linaonyesha mlima wenyewe, umefunikwa nusu na wingu. Akatupa ugali na maziwa mgando. Mzee mwenye kumbukumbu akaja, akasema anachojua ni hiki tu: Tluway alikuwa na mwenzake, wakatengana hapa mlimani, mwenzake akaendelea na ng'ombe hadi Balangdalalu. Huyo mwenzake ni nani, hajui. Nikaanza kupumua kidogo. Walikuwa watu wawili, basi. Lakini yupi ni yupi?

Shangazi alitoka na mzee kwenda kuonyeshwa mahali palipokuwa na boma la zamani, na mama mwenyeji akaingia chumba cha pili. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, hauzuii neno. Nikasikia sauti ya Daniel. Alikuwa humo muda wote tuliokuwa tunakula.

"Wameondoka?" akauliza.

"Bado. Nenda kamsalimie mtoto wa watu, Daniel. Ametoka mbali."

"Mama, kama ni dada yangu, mimi sitaki hata kumwona uso."

"Na lile jambo?"

"Jambo gani? Mimi sijui jambo lolote."

Nilimaliza maziwa yangu. Sijui niliyamalizaje. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefundisha darasani, nimezika wazazi, na bado nikiletewa maziwa yaliyoganda sana, nayasogeza pembeni. Nilikuwa nimekuja nikiogopa jibu moja. Nikaondoka pale nikiogopa majibu yote mawili.

Toka Gitting hadi Balangdalalu tulipata lori hadi Katesh, kisha tukatembea. Huko juu kwetu nchi ni ya mikunjo, ukitazama popote unaona paa la mtu. Huku chini kulikuwa na bonde pana lisilo na kitu cha kushika jicho, miiba, udongo mweupe wa chumvi karibu na ziwa, na upepo. Sisi tuliwaita Wabarabaig wa huko Mang'ati, jina wasilolipenda, na tulilelewa kwa jina hilo: ukilia sana, Mang'ati watakuchukua. Nilikuwa mtu mzima, lakini kila nilipoona kivuli kirefu kimesimama na fimbo kando ya mifugo, miguu ilitaka kugeuka yenyewe. Shangazi alitangulia, akiimba wimbo wa kanisa polepole chini ya pumzi, na nilijua anaimba kwa sababu anaogopa kama mimi.

Kosa letu lilikuwa swali. Kwenye boma la kwanza, Shangazi aliwasalimu vizuri, kisha akauliza, "Yuko mtu aliyekuja hapa zamani kutoka Tumati. Alijenga wapi? Nani alikuwa hapa wa kwanza?" Wanawake wakaacha walichokuwa wanafanya. Mmoja akaingia ndani, na baada ya muda mfupi wanaume wakatokea kwenye miiba, wenye mashuka meusi na mikuki, wakatuzunguka. Aliyesema Kiswahili alikuwa mrefu, wa umri wa baba yangu, nikaja kujua baadaye kwamba anaitwa Gidamis.

"Nani amewatuma?"

"Hatujatumwa na mtu, baba. Tunatafuta ndugu."

"Ndugu." Akatema mate pembeni. "Wale wa mashamba makubwa ya ngano walikuja hivyo hivyo. Walisalimia. Wakauliza nani alikuwa hapa wa kwanza. Baadaye wakaja na kamba ya kupimia, na makaburi ya baba zetu yakalimwa na trekta. Sasa mnasema serikali imeachia kila mtu ajichukulie. Nyinyi mmekuja kujichukulia nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wao pia walikuwa wanaogopa, na mtu aliyeshika mkuki akiogopa ni hatari kuliko mtu aliyekasirika. Shangazi alijaribu kueleza habari za posa, lakini Kiswahili chake kilimkimbia, akachanganya na Kiiraqw, na kila neno la Kiiraqw lilifanya nyuso zao zikunjamane zaidi. Tukapelekwa kwenye nyumba ya chini, ya udongo, paa lake bapa, tukaambiwa tukae humo mpaka wazee wazungumze.

Ndani kulikuwa na giza la mchana, lile la kutoka juani ghafla. Ndama wadogo walifungwa upande mmoja. Ukutani vibuyu vya maziwa vimening'inia, vinanuka moshi na samli. Mlango ulikuwa mdogo, na kwenye mlango kijana mmoja amekaa, mgongo kwetu, mkuki magotini. Nje wanaume walibishana kwa lugha yao, sauti inapanda na kushuka, na Shangazi, aliyewahi kuuza tumbaku minadani akashika maneno machache, alikuwa akinitafsiria kwa kunong'ona, na afadhali asingefanya hivyo. "Wanasema tupelekwe kwa mtendaji... Huyu anasema hapana, mtendaji ni Mwiraqw, ataleta polisi... Huyu anasema..."

"Anasema nini, Shangazi?"

"Sijashika."

Alikuwa ameshika. Mkono wake ulikuwa umeugandamiza wangu mpaka pete yake ya ndoa ikaniachia alama. Mimi niligeukia ukuta nikatapika karibu na ndama, na kijana wa mlangoni akageuka kututazama akiwa na uso wa mtoto aliyeshtuka.

Mwanamke mzee akaingia akiwa ameinama. Alivaa sketi ya ngozi ya wanawake wao, bangili za shaba kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, na alama zilizochorwa kuzunguka macho. Nilidhani amekuja kunifokea kwa uchafu wangu. Badala yake akachuchumaa mbele yetu, akatutazama, akasema kwa Kiiraqw, "Mimi nataka maji. Mama yuko wapi?"

Hatukuelewa. Maneno tuliyaelewa, lakini hatukuelewa kwa nini mwanamke mwenye mvi anaongea hivyo. Akarudia. Akaongeza, "Ng'ombe mweusi amekwenda. Baba amelala." Sauti ilikuwa nzito ya uzee, lakini matamshi yalikuwa ya mtoto mdogo, herufi zinateleza, maneno yasiyo na viunganishi. Hicho ndicho Kiiraqw alichokuwa nacho. Lugha yake ilikuwa imesimama umri ule aliopoteza wazazi, na haikukua tena.

Shangazi akamsogelea kwa magoti. "Baba jina nani?" akamwuliza, naye kwa lugha ya kitoto, kama unavyomwuliza mtoto aliyepotea sokoni.

"Baba Tluway. Baba mrefu." Akainua mkono juu. "Tluway mwingine mfupi. Tluway mfupi anaogopa hapa. Anabaki mlimani."

Sikulia. Nilisubiri kuona kama nimesikia vizuri. Walikuwa Tluway wawili, marafiki, wa jina moja na wa koo tofauti, walioondoka Tumati pamoja. Mfupi aliogopa bonde akabaki Gitting, na ndiye babu yake Daniel. Mrefu, wa kwetu, aliendelea hadi hapa, homa ikamwua yeye na mkewe, na mtoto wao mmoja akachukuliwa na majirani wafugaji, akapewa jina la Udahayda, akaolewa, akazaa. Gidamis aliyetema mate pale nje alikuwa mwanawe. Hayo ya mwisho tuliyapata baadaye, kwa Kiswahili cha Gidamis, lakini mle ndani, na maneno yale machache, tulishajua. Shangazi alimkumbatia Udahayda wakalia, bangili zikigongana.

Kisha Udahayda akamwachia, akanisogelea. Akaweka kiganja tumboni mwangu, akamgeukia Shangazi, akasema kwa ile lugha yake ndogo, kwa furaha kabisa, "Huyu ndani kuna mtoto."

Kijana wa mlangoni hakuelewa. Shangazi alielewa. Nilimwangalia akinitazama, nikaona hofu zote nilizobeba mimi zikihamia kwake moja baada ya nyingine: kaka yake, ng'ombe, kanisa, majirani. Nilidhani ataniambia nisikanyage tena kwetu. Hakuniambia. Alikaa chini kwenye samadi, akavua kilemba, akakikunja, akakifungua tena.

"Daniel anajua?"

"Anajua. Anasema hajui."

"Alikuwa ndani, siku ile kwao?"

"Alikuwa ndani."

Wanaume wa nje waliambiwa na Udahayda kwa lugha yao. Sauti zikafa. Gidamis aliingia bila mkuki, akakaa akimwangalia mama yake kama mtu ambaye nyumba yake imefunguka mlango asioujua. Jioni ile tulikula ugali na maziwa mabichi pamoja nao, na bado nilikuwa nikitazama mikono yao kila inaposogea. Hofu haiondoki kwa sababu tu umeambiwa hawa ni ndugu zako.

Habari zilipofika Gitting, Daniel alikuja Balangdalalu na baba yake mdogo. Alisimama uani, amevaa shati jipya, amefurahi kweli, simdanganyi mtu. "Martha, nimesikia si ndugu. Mungu mkubwa. Sasa twende nyumbani, posa iendelee."

Nikamwuliza, "Na kama ungesikia ni ndugu?"

Alitazama chini. Namshukuru hata leo kwamba hakusema uongo. Nilikuwa naogopa kuliko wakati wowote wa mwaka ule, maana mlango wa kutokea ulikuwa umesimama mbele yangu umevaa shati jipya. Nikamwambia aende salama. Shangazi hakuniuliza mara mbili. Alizungumza na Udahayda na Gidamis nijifungulie kwao, kisha akafunga mizigo yake peke yake, akapanda kurudi Tumati kumweleza baba yangu. Kati ya mambo yote yaliyofanywa mwaka ule, hilo ndilo lililohitaji moyo mkubwa kupita yote, na mimi sikuwepo kuliona.

Nilibaki Balangdalalu. Nilijifunza kukamua nikichuchumaa upande ule wanaokaa wao, kufukiza vibuyu, kukaa kimya wanaume wanapopita. Nilimfundisha Udahayda maneno ya Kiiraqw ya watu wazima, akawa anacheka akiyatamka. Nilijifungua mtoto wa kike, yeye ameshika mabega yangu, akiniambia kwa maneno yake ya kitoto, "Sukuma. Sukuma. Usilie."

Baba alikuja mtoto akiwa ameanza kukaza shingo. Nilimwona kwa mbali, koti lake la kanisani, mwavuli umefungwa. Alisimama nje ya uzio wa miiba, hakuingia, na mimi nikasimama ndani, nikiwa na mtoto mgongoni. Nilimpa shikamoo. Aliitikia. Alitazama mashuka meusi, mikuki iliyoegemezwa, Udahayda kwenye mlango wake. Nikadhani amekuja kuniambia nisirudi kamwe.

"Ng'ombe wote ni wazima," akasema. Akahamisha mwavuli mkono wa pili. "Mvua imenyesha kwa wakati. Mama yako hajaugua. Tangu Paulina aniambie nimekaa nangoja baya litokee, kila asubuhi naamka nangoja." Akashika tawi la langoni. "Nimechoka kungoja, Martha. Fungua hapa, nipe mtoto."